Kuzima ulinzi wa mistari si dawa ya mashine nzito

BUKAVU – Kuna dawa moja ambayo fundi wa informatike akibanwa na mteja huikimbilia. Ajenti wa koperative ya akiba analalamika kwamba listi ya wanachama inakawia kufunguka. Fundi anaingia katika hifadhidata, anazima ulinzi wa mistari, listi inafunguka mbio, wote wanashangilia. Analipwa feza zake na kwenda. Kilichobaki nyuma yake ni nyumba isiyo na mlango, na mwenye nyumba hajaambiwa.

Chukua koperative yenye matawi Kadutu, Ibanda na Bagira. Akaunti zote zinakaa katika jedwali moja, kila mwanachama mstari wake. Ajenti wa Bagira hana haki ya kuona akiba ya mama anayeuza samaki Kadutu. Kwa desturi ya zamani programu ndiyo ilichuja: kila mahali inaposoma jedwali, fundi aliandika sharti la tawi. Akisahau mahali pamoja tu, siri za matawi yote ziko nje. PostgreSQL, tangu toleo la 9.5 la Januari 2016, inaruhusu sharti hilo liandikwe mara moja ndani ya hifadhidata, na yenyewe inalitia katika kila swali. Si jambo geni: Oracle ilikuwa na la namna hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Wanaoupinga ulinzi huu wanasema unalemea mashine. Ni kweli unaongeza kazi, hakuna anayekana. Lakini ukifungua kazi yao, mara nyingi mzigo wameutia wenyewe.

Safu ya tawi haina indeksi, basi hifadhidata inasoma jedwali zima kutafuta watu wa Bagira peke yao. Hilo ni kosa la fundi. Halafu sharti lenyewe linaita funksioni inayouliza: huyu ajenti ni wa tawi gani? Kwa jinsi ilivyoandikwa, inaitwa tena kwa kila mstari. Jedwali likiwa na mistari 200,000, swali lile lile linaulizwa mara 200,000, na jibu halibadiliki hata mara moja. Ni kama mlinzi wa barriere anayempigia mkubwa wake telefone kwa kila gunia la muhogo lililo ndani ya lori moja. Tena fundi asipotangaza aina ya funksioni yake, PostgreSQL inaihesabu kuwa VOLATILE, yaani jibu lake linaweza kugeuka wakati wowote, na hapo hata indeksi iliyopo haiwezi kutumika kwa sharti hilo. Kuiweka funksioni ndani ya SELECT ndogo ya peke yake kunatosha: inaulizwa mara moja, jibu linatunzwa, kazi inaendelea. Mabadiliko ya mstari mmoja! Na kwa kukosa mstari huo mmoja watu wanabomoa ukuta mzima.

Kuna uzito mwingine ambao ni halali, na heri usemwe wazi. Sharti la mtumiaji likitumia funksioni ambayo PostgreSQL haiiamini kutunza siri, haliruhusiwi kutangulia mbele ya ulinzi. Kutafuta kipande cha jina kwa LIKE ni mfano wake. Indeksi ya majina inaweza kukosa kazi hapo. Sababu ipo: funksioni inaweza kutoboa siri ya mstari uliofichwa, hata kwa ujumbe wa kosa tu. Mei 2019 lilizibwa pengo lililoandikishwa CVE-2019-10130, ambapo takwimu ambazo hifadhidata hukusanya ili kupanga njia ya kusoma ziliweza kufichua mistari iliyokatazwa. Tangu hapo mpangaji anayanyima macho takwimu hizo pale asipokuwa na uhakika, na safari nyingine anachagua njia mbaya. Hiyo ndiyo bei. Indeksi nzuri ya tawi inaipunguza sana, maana jina linatafutwa kati ya watu wa Bagira tu.

Wengine wana ujanja mbaya zaidi: wanajisifu kwamba ulinzi upo na mashine ni nyepesi. Programu yao inaingia kwa jina la mwenye jedwali! Mwenye jedwali hapitii ulinzi, isipokuwa amri ya FORCE ROW LEVEL SECURITY imetolewa. Na mtumiaji mkuu, pamoja na yeyote mwenye BYPASSRLS, hapitii kabisa. Kipimo cha mbio kilichofanywa kwa jina hilo hakikupima kitu.

Haya si mabishano ya mafundi peke yao. Huku Kivu, listi yenye jina, kartie na feza inatosha kuwaonyesha majambazi nyumba ya kuvunja. Listi ya kituo cha afya inayoonyesha nani anachukua dawa za VVU, au nani alikuja kutibiwa baada ya kubakwa, ina uzito unaopita sekunde 5 za kungojea. Hata sheria imekwisha kuingia: Code du numérique, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za watu binafsi. Haikuandika kwamba ajenti mwenye haraka anaruhusiwa kuziona.

Wakubwa wa koperative wasiojua informatike wanaweza kuuliza mambo mawili kabla ya kulipa. Programu inaingia katika hifadhidata kwa jina la nani? Na EXPLAIN ANALYZE, kile kipimo cha njia na muda wa swali, ilifanywa kwa jina lipi? Fundi akianza kuzunguka, afungue mashine hapo hapo bironi, aingie kama ajenti wa Bagira, aombe hesabu ya wanachama wote. Wa Kadutu na Ibanda wakitokea humo, feza zisitoke.