Zabibu za Pantelleria na Mgongo wa Mkulima

Neno zabibu, tulitamkalo sokoni bila ya kuuliza lilikotoka, wanalo pia wakulima wa Pantelleria, kisiwa cha Italia kilicho baina ya Sicily na Tunisia, ila wao husema zibibbo. Kwani Waarabu, walioishika nchi ile hata Wanormani walipowanyang'anya mwaka 1123, waliwaachia jina la tunda hilo, na majina ya vijiji kama Khamma na Gadir, ambayo sikio la mtu wa pwani huyatambua mara moja.

Wajuzi wa mvinyo husema kuwa ladha yake hutoka ardhini, wala siwapingi, maadamu udongo wa kisiwa hicho ni wa volkeno. Lakini kauli hiyo imemsahau mwenye jembe. Huko upepo haupoi, mvua ni haba, na mashamba hayamwagiliwi. Basi mkulima husawazisha ardhi, akachimba kishimo mfano wa bakuli, akaupanda mzabibu humo, kisha kila mwaka akaupogoa hata shina likabaki na matawi sita yaliyotandaa pande zote, mti mfupi uliojibanza chini, upepo ukaupita juu. Avunaye hana budi kuinama kutwa, na kuta za mawe matupu, yasiyoshikwa kwa chokaa wala saruji, zikingazo mashamba ya mteremkoni, hazimpi trekta njia.

Zabibu za Agosti huanikwa juani, zikageuzwa kwa mkono hata zikanyauka. Ikifika Septemba, mavuno ya pili yamekwisha kukamuliwa na maji yake yameanza kuchachuka, zile kavu, zilizochambuliwa vikonyo, hutiwa humo, zikaachia utamu na harufu. Huo ndio mvinyo waitao passito. Hata sisi ambao dini imetuharimishia kuuonja twaweza kuiona kazi iliyomo.

Mwaka 2014 UNESCO iliutia katika orodha ya turathi za wanadamu ujuzi huu wa kuulea mzabibu, na kwa maoni yangu ilifanya insafu, kwa kuwa iliyotukuzwa ni maarifa ya mkono, yanayorithiwa na mwana kwa mzazi wake, wala si chupa. Walakini heshima hiyo haimlipi kibarua ujira wake, na ngazi nyingi za mashamba ya kale zimekwisha kumezwa na kichaka.

Kwa hiyo mfanyabiashara atakaye kuununua mvinyo huu kwa bei ya ule uliovunwa kwa mashine bondeni, kisha akawasifia wateja wake ardhi ya volkeno, namwambia waziwazi kuwa amemdhulumu mkulima. Mvua za majira ya baridi zikiuangusha ukuta, si ardhi itakayousimamisha tena. Ni mkulima yule yule, jiwe kwa jiwe.