Kongwa Iliwapokea wa Wenzetu, wa Kwetu Tunawapekua Mifuko

Ndugu msomaji, hebu tuambiane ukweli. Kijana wa mtaani kwenu akirudi kutoka majuu, iwe Bondeni, Uarabuni au Ulaya, swali la kwanza kijiweni ni lipi? Si "umejifunza nini?" Wala si "afya yako vipi?" Ni "umetuletea nini?" Akisema hana kitu, mnasema kafulia. Akitoa kidogo, mnasema mchoyo. Akinyamaza, eti siku hizi amekuwa mzungu. Hana pa kutokea! Wiki ya pili anajifungia ndani, wiki ya tatu anaulizia nauli ya kurudia alikotoka.

Wengi wenu mnadhani hiyo ni jeuri. Mimi nasema si jeuri. Kurudi nyumbani kunauma, na kumewauma hata mashujaa. Kama hamniamini mimi, basi tuiulize Kongwa.

Ndiyo, Kongwa hii hii ya mkoa wa Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta yao kulima karanga. Ardhi ikawa ngumu, mvua ikawanyima, na mwaka 1951 mradi ukafa baada ya kuteketeza zaidi ya paundi milioni 35. Yaliyobaki ni majengo. Mwaka 1964 serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa mahali hapo wapigania uhuru: FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini na wengineo. Chris Hani, ambaye jina lake wengi mnalijua, alipita Kongwa akiwa kijana wa rika lenu.

Sasa geuza kichwa, msomaji. Wewe unaota Johannesburg. Kijana wa Johannesburg wa wakati ule, ughaibuni kwake kulikuwa Kongwa! Huko ndiko alikoonja mlenda, akala vumbi na jua, akajifunza Kiswahili. Wapo waliozaa na mabinti wa pale. Na waliowapokea hawakuwa vigogo, walikuwa Wagogo: walalahoi wanaosubiri msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Sisemi hapakuwa na migongano, kwani askari na raia wakikaa pamoja haikosekani. Lakini walikuja mikono mitupu, na bado walipata pa kukaa.

Kisha siku ya kurudi ikafika. Februari 2, 1990 makaburu waliifungulia ANC milango. Namibia ilipata uhuru Machi 21 mwaka huo huo, baada ya Umoja wa Mataifa kuwarudisha wakimbizi zaidi ya 40,000 mwaka 1989. Wapo waliokuwa wamekaa nje karibu miaka 30, kila usiku wakiota nyumbani.

Walikuta nini? Wengine walikuta makaburi ya wazazi. Wakakuta wenzao waliobaki wakisema: sisi ndio tuliokula risasi mitaani, ninyi mlikuwa nje mnastarehe. Nao waliorudi wakajibu: sisi ndio tuliotoa ujana wetu porini. Ndugu wa damu, wapiganaji wa vita moja, wakatazamana kama wageni.

Ya watoto wa Namibia ndiyo yanayotia simanzi zaidi. Kuanzia mwaka 1979 SWAPO ilipeleka watoto wadogo Ujerumani Mashariki wakalelewe mbali na mabomu. Mwezi Agosti 1990, Ujerumani mbili zikiwa mbioni kuungana, watoto wapatao 430 walipakiwa ndege kurudishwa "nyumbani". Wengi wao walikuwa hawajawahi kuikanyaga Namibia. Kijerumani kiliwatoka vizuri kuliko lugha za mama zao. Weusi wenzao wakawaona ni Wajerumani, na Wajerumani weupe wa huko wakawaona ni weusi tu. Je, hao nao walikuwa wanaringa?

Kijana mwenzangu, tatizo ni hili. Mtu akiondoka hubeba picha ya nyumbani kifuani, na picha haizeeki. Nyumbani ndiko kunakozeeka. Aliyeondoka Dodoma mwaka 2005 aliacha mji ambao Bunge likiahirishwa, nao unasinzia. Leo anakuta jiji, tangu mwaka 2018. Anakuta wizara, chuo kikuu kilichoanza mwaka 2007, na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam iliyoanza kazi mwaka 2024. Alikochunga mbuzi anakuta mawe ya mipaka ya viwanja. Anaamkiwa "mbukwenyi", anababaika jibu. Bibi aliyemlea alishazikwa, na matanga yalishasahaulika kwa kila mtu isipokuwa yeye, ambaye ndiyo kwanza anaanza kulia.

Naye pia amebadilika. Anashangaa mkutano wa saa nne kuanza saa saba. Anashangaa karani kumwambia "njoo kesho" siku tano mfululizo. Akiuliza kulikoni, mnamwambia anajidai. Hivi kweli kosa ni lake aliyeuliza, au ni letu tuliokwishazoea?

Lakini na wewe unayerudi, sikusifii bure. Usije na pua juu ukidhani nafasi yako ilitunzwa kabatini. Mwalimu Nyerere aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada yake, alikwenda Butiama, akakanyaga udongo na kujenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, watu wakimshangaa msomi mwenye tope miguuni. Hakusubiri kuwekewa kiti. Nyumbani hujengwa upya kila unaporudi, na matofali unafyatua mwenyewe.

Sasa tuwageukie wenye nchi. Wakubwa wetu wakiwa safarini hupenda kukutana na Watanzania wa nje. Wanawapigia makofi, wanawahimiza watume fedha na wawekeze. Msomaji, hilo si ndilo lile lile swali la kijiweni, ila limevaa suti na tai? Umetuletea nini!

Wakati huo huo, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamvua uraia mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine. Mtoto wa Chamwino au Bahi aliyechukua pasipoti ya Ulaya ili apate kazi, akija kumzika mama yake anaingia kwa viza kama mtalii. Mwaka 2025 Bunge, likikaa hapo hapo Dodoma, lilipitisha marekebisho ya kuwapa watu wa namna hiyo hadhi maalumu. Si haba. Lakini hadhi si uraia, wala haimpi kura. Pesa yake tunaitaka, sauti yake hatuitaki!

Na huyo angalau ana pasipoti. Je, mzamiaji aliyerudishwa kwa nguvu, aliyeshuka uwanja wa ndege na mfuko wa plastiki? Huyo hakuna anayempigia makofi. Kumbe huenda huko alikuwa fundi wa kuchomelea, mpishi au mjenzi mwenye miaka kumi kazini. VETA wanao utaratibu wa kumpima mtu ujuzi alioupatia kazini na kumpa cheti bila kumrudisha darasani miaka miwili. Chuo chao kiko hapo hapo Dodoma. Ni nani amewahi kumwambia? Serikali ya mtaa inayojua kuandika majina ya wadaiwa wa michango ishindwe kuandika jina la aliyerudi na kumwelekeza?

Na wewe unayepanga kuondoka, sikuzuii, maana njaa haina bendera. Ila jiandae kwa safari mbili. Ya kwanza wote wanakusimulia: baridi, makaratasi, ubaguzi. Ya pili hakuna anayeisema, na ndiyo ndefu kuliko ya kwanza. Piga simu hata pale ambapo huna cha kutuma. Uliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Usiache picha ikuongopee miaka ishirini.

Nasi tuliobaki, babu zetu wa Kongwa waliwapa hifadhi watu wa mbali waliokuja bila kitu. Itakuwa aibu tushindwe kwa mtu tuliyecheza naye chandimu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayerudi naye mpeni siku zake mbili za kushangaa, ya tatu mpeni jembe, mkalime naye. Mifuko yake iacheni.