KILA MTU NYUMBANI AJUE MAJI YANAFUNGIWA WAPI



Ndugu zetu wapenzi, sisi wakazi wa Bujumbura tumezoea maji kukatika. Mtu hufungua robine, haoni kitu, huiacha wazi na kwenda zake. Usiku wa manane maji hurudi kwa nguvu watu wamelala, na alfajiri godoro, unga na vitabu vya watoto vimeshalowa. Hapo ndipo kila mtu huuliza: maji yanafungiwa wapi? Maoni yetu ni kuwa swali hilo lijibiwe leo, na walijue baba, mama na watoto wakubwa.

Wapo wanaosema kazi hiyo ni ya fundi. Ni kweli fundi anahitajika, lakini dakika kumi za mwanzo ni za waliomo ndani. Na mara nyingi baba yuko kazini, nyumbani yuko mama na wadogo. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. Itafuteni vali kuu. Kwa kawaida iko karibu na mita. Ifungeni na kuifungua kila baada ya miezi michache isije ikagoma siku ya haja. Maji yakikatika, hakikisheni robine zote zimefungwa.

2. Wekeni kasha dogo la vifaa: spana, koleo, bisibisi, tepu ya tefloni, washa za mpira za robine, waya mwembamba, tochi, na ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli.

3. Bomba likipasuka, fungeni vali kuu, kisha fungueni robine iliyo chini kabisa ili maji yaliyobaki yatoke. Kausheni bomba, lizungushieni ule ukanda huku mkiuvuta, kazeni kwa waya. Hiyo ni dawa ya muda tu, fundi aitwe. Maji yakikaribia soketi, zimeni umeme kwenye swichi kuu. Lakini mtu asiguse swichi huku amesimama ndani ya maji.

4. Usiku mmoja ambapo maji yapo, andikeni namba za mita kabla ya kulala. Ikiwa hakuna aliyetumia maji na asubuhi namba zimesogea, basi kuna mvujo. Aghalabu ni tangi la choo.

Ndugu zetu, jambo hili si la fedha peke yake. Mvujo unaojaza bidoni moja ya lita 20 kwa siku hupoteza lita 7,300 kwa mwaka. Imepokewa kuwa Mtume wetu (SAW) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo haifiki hata lita moja. Vipi basi tuwe makini na udhu, halafu tuache choo kivuje mwaka mzima?

Pia kuna haki ya jirani. Pale wapangaji wanapotumia mita moja katika ua mmoja, robine mbovu ya mmoja hulipiwa na wote.

Na kuna afya. Maji yanapokatika, bomba hubaki bila nguvu ndani yake, na uchafu wa nje unaweza kuingia kupitia tundu lile lile linalovuja. Tukumbuke kuwa tarehe 1 Januari 2023 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na Bujumbura ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa. Kwa hiyo maji yakirudi, yaacheni ya mwanzo yapite, myatumie kusafishia choo, na ya kunywa yachemsheni.

Wanafunzi mnaopanga vyumba, nanyi muulizeni mwenye nyumba ilipo vali kabla ya kulipa kodi. Wazazi, Jumamosi hii wachukueni watoto mpaka kwenye mita, kila mmoja afunge na kufungua kwa mkono wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wabillahi tawfiq.