Alama za Silaha Zisomwe, Zisifutwe

Inapokamatwa bunduki, habari inayotolewa kwa wananchi mara nyingi huwa fupi mno. Tunaambiwa kwamba imepatikana bunduki moja "aina ya SMG" pamoja na risasi kadha wa kadha, na kwamba uchunguzi unaendelea. Hayo si haba, lakini hayatoshi. Bunduki haioti kama mchicha. Ilitengenezwa katika kiwanda fulani, mwaka fulani, ikauzwa kwa mnunuzi fulani, kisha ikapita mikono kadhaa mpaka kufika ilipokutwa. Safari yote hiyo huanza kusomeka pahala pamoja tu, nazo ni alama zilizogongwa juu ya chuma chake.

Neno SMG limekwisha kuwa jina la jumla, na jina la jumla halimtambulishi mtu. Ni sawa na kusema kwamba mwizi aliyeonekana ni mtu mrefu. Bunduki za mtindo wa Kalashnikov, ambazo ndizo zilizoenea zaidi katika ukanda wetu, zimetengenezwa katika nchi nyingi. Kwa mbali zote ni ndugu wa tumbo moja; kwa karibu kila moja ina nembo ya kwao. Zilizotoka Izhevsk katika Urusi huwa na pembetatu yenye mshale ndani yake, na za Tula huwa na nyota. Za China za aina ya 56 aghalabu huwa na pembetatu yenye tarakimu 66. Za Bulgaria huonyesha tarakimu 10 ndani ya duara mbili, na za Poland tarakimu 11 ndani ya duara la umbo la yai. Hata pale penye kipande cha kuchagulia risasi moja moja au za mfululizo pana herufi zake: Ujerumani Mashariki iliandika D na E, Poland C na P, na China, kwa silaha za kuuza nje, L na D. Pamoja na hayo mtu anaweza kukosea. Romania nayo iligonga pembetatu yenye mshale, na asiyezoea huiona akaiita ya Kirusi. Kwa hiyo kazi hii si ya kutupia jicho mara moja na kupita. Yataka utulivu, mwanga mzuri, kioo cha kukuzia, na daftari.

Kuna jambo la pili ambalo maofisa wetu wanapaswa kulijua vyema zaidi, nalo ni kwamba alama ya kipuri si alama ya bunduki nzima. Katika Vita vya Pili vya Dunia Marekani ilitengeneza zaidi ya milioni 6 za bunduki ndogo iliyoitwa M1 Carbine. Kiwanda kimoja kisingeweza kazi hiyo, ikagawanywa kwa makampuni mengi. Miongoni mwao walikuwamo Underwood, waliojulikana kwa taipureta. IBM, waliojulikana kwa mashine za ofisini. Na Rock-Ola, waliotengeneza masanduku ya muziki ya kutia sarafu. Kila mmoja alikuwa na herufi zake za kugonga katika vipuri, kama U kwa Underwood na W kwa Winchester. Vita vilipokwisha, bunduki hizo kwa wingi zilipelekwa katika karakana za jeshi, zikafunguliwa, zikasafishwa na kuungwa tena kwa kipuri chochote kilichokuwa karibu na mkono wa fundi. Ndiyo maana bunduki moja ya aina hiyo inaweza kuwa na mtutu wa kiwanda hiki, kitako cha kile, na mtambo wa cha tatu. Mwenye kusoma herufi moja juu ya kipande kimoja, kisha akatangaza kwamba amekwisha kumjua mtengenezaji wa bunduki yote, amejua jina la tofali akadhani amejua jina la mjenzi wa nyumba.

Isitoshe, alama nyingine ziliwekwa makusudi ili zisisomeke na kila mtu. Wakati wa vita hivyo hivyo Uingereza ilificha majina ya viwanda vyake kwa herufi na tarakimu: N kwa viwanda vya kaskazini, M kwa vya kati, S kwa vya kusini. Anayeona M 47 juu ya kipande cha bunduki ya Lee-Enfield anaangalia kazi ya kampuni ya BSA ya Birmingham, ingawa jina hilo halikuandikwa. Wajerumani nao walitumia herufi tatu ndogo, byf, kwa kiwanda cha Mauser cha Oberndorf. Tena wapo waigaji. Mafundi wa Darra Adam Khel, karibu na Peshawar katika Pakistan, wamejulikana kwa miaka mingi kwa kuiga bunduki za Kiingereza pamoja na taji na mihuri yake. Mara nyingi kinachowafichua ni herufi iliyogeuzwa au neno lililokosewa tahajia.

Visiwa hivi havistahili kuwa wageni wa elimu hii. Katika karne ya 19 bandari ya Unguja ilikuwa mlango mkubwa wa bunduki zilizokwenda bara. Mkataba wa Brussels uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890 ulipiga marufuku kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Uliagiza pia kwamba zile chache zitakazoruhusiwa kwa watu binafsi ziandikwe na kugongwa muhuri, na cheti cha mwenye silaha kionyeshe muhuri huo. Ofisi ya kimataifa ya kukusanya habari za vyombo vya baharini, iliyoundwa kwa mkataba huo huo, iliwekwa hapa hapa Zanzibar. Tusidanganyike juu ya nia za waandishi wake. Mkataba huo ulipinga biashara ya utumwa, na papo hapo ulihakikisha kwamba silaha bora zinabaki mikononi mwa mataifa yaliyokuwa yakigawana bara letu. Lakini wazo la kwamba silaha isiyoandikwa haina mwenye kuulizwa lilikuwa sahihi mwaka ule, na ni sahihi leo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vinatupa somo jingine. Mwezi Novemba 1917 majeshi ya Kijerumani chini ya von Lettow-Vorbeck yalivuka mto Ruvuma, yakaishambulia ngome ya Wareno ya Ngomano na kuteka silaha zake. Bunduki ya jeshi la Ureno wakati huo ilikuwa Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904. Juu yake iligongwa taji na nembo ya Mfalme Carlos wa Ureno; ubavuni iliandikwa jina la kiwanda cha Berlin. Kwa hiyo bunduki iliyotengenezwa Ujerumani ilinunuliwa na Ureno, ikaletwa Msumbiji, ikatekwa na jeshi la Ujerumani, na askari wa Kiafrika ndiye aliyeibeba begani. Jeshi hilo liliposalimisha silaha zake Abercorn mwezi Novemba 1918, bunduki lililokabidhi zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Aliyesoma jina la Berlin tu angesema bunduki ile haikutoka kamwe mikononi mwa Wajerumani. Aliyesoma taji pia angejua kisa chote.

Tunayasema haya kwa sababu alama ya kiwanda hueleza ilikozaliwa silaha, wala haielezi nani aliyeileta. Ni kosa kubwa kuona nembo ya nchi fulani juu ya chuma, kisha kuituhumu serikali ya nchi hiyo kwamba ndiyo iliyopeleka silaha kwa majambazi. Baina ya kiwanda na mhalifu huwapo jeshi lililonunua, ghala lililovunjwa, dalali aliyekula njama, na nahodha aliyepakia usiku. Alama hutupa mwanzo wa uzi. Kuufuata uzi wenyewe ni kazi ya watu na ya daftari.

Na bahari yetu inatudai kazi hiyo. Mwishoni mwa Februari 2016 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ililipekua jahazi moja lisilo na bendera nje ya pwani ya Oman, ikakuta ndani yake bunduki 1,989 za mtindo wa Kalashnikov pamoja na mitambo 100 ya kurushia maroketi. Mwezi uliofuata manowari ya Ufaransa iitwayo Provence ilikamata shehena nyingine iliyolingana na hiyo. Wachunguzi walioziangalia silaha hizo hawakuishia kuzihesabu. Walisoma maumbo na alama zake, wakaeleza kwamba miongoni mwake zilikuwamo zenye dalili za kutengenezwa Iran. Shehena zile hazikuwa zikija kwetu. Lakini vyombo ni vya namna ile ile, na bahari ni ile ile ambayo mababu zetu waliisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi. Lililopita jirani leo laweza kubisha hodi kesho.

Sheria za kimataifa hazikunyamaza. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na ambayo Tanzania ni mmoja wa walioitia saini, inataka kila silaha ndogo igongwe jina la mtengenezaji, nchi au pahala ilipotengenezwa, na nambari yake peke yake. Alama hizo zinatakiwa ziwe juu ya mtutu na juu ya kiwiliwili cha silaha, si pahala pamoja tu. Inayoingizwa nchini igongwe pia alama ya nchi iliyoiingiza na mwaka. Tarehe 8 Desemba 2005 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilipitisha utaratibu wa kufuatilia silaha, unaotaka kumbukumbu za utengenezaji zitunzwe kwa miaka isiyopungua 30, na kumbukumbu nyingine kwa miaka isiyopungua 20. Miaka 20 ni umri wa kijana. Daftari linaloliwa na mchwa baada ya misimu miwili ya mvua haliwezi kuitimiza ahadi hiyo.

Kwa hivyo tuna mambo ya kuwaomba wakubwa na wadogo.

Kwa Polisi, Forodha na Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, tunaomba kila silaha inayokamatwa ipigwe picha pande zote, na kila alama, hata iliyo ndogo kama punje ya mtama, inakiliwe kama ilivyo. Kama ni pembetatu, ichorwe pembetatu. Kama ni herufi isiyojulikana, ichorwe umbo lake bila ya kubuniwa maana. Kila kipande kiandikwe mbali, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba vipande huhamahama. Na silaha isiharibiwe kabla ya kazi hiyo kumalizika. Kuichoma moto bunduki ambayo haijasomwa ni kumzika marehemu bila ya kumwuliza jina.

Silaha iliyopigwa tupa ikafutwa nambari isidharauliwe. Chuma kinapogongwa, athari ya pigo huingia ndani zaidi kuliko mchoro unaoonekana, na wataalamu huweza mara nyingine kuirudisha nambari iliyofutwa kwa kutumia dawa za kemikali. Aliyeifuta alijua kwamba alama ni shahidi dhidi yake. Basi sisi tusimalizie kazi yake kwa uzembe.

Kwa wananchi, na hasa wavuvi, wanunuzi wa chuma chakavu, mafundi na wenye maduka ya vitu vya kale, ombi letu ni jepesi. Anayekuta bunduki au kipande chake, kiwe baharini, shambani au darini katika nyumba ya urithi, asikisugue kwa msasa ili king'are, asikikate, asikijaribu, wala asiguse risasi atakazozikuta. Na amwarifu sheha au kituo cha Polisi kilicho karibu. Kutu inaweza kuondolewa na mtaalamu. Alama iliyoliwa na msasa ni hasara isiyo na fidia.

Nao masheha na Polisi wampokee mtu huyo kwa wema. Hapa ndipo penye moyo wa maneno yetu. Mzee aliyekuta chini ya kitanda cha marehemu kaka yake kipande cha bunduki ya zamani, akakipeleka mwenyewe kituoni, hastahili kulala ndani kama mshirika wa majambazi. Alama zikisomwa vizuri huenda zikaonyesha kwamba chuma hicho kilitengenezwa kabla ya mzee mwenyewe kuzaliwa, na kwamba ni kitu cha makumbusho. Watu hudhani kwamba ushahidi kazi yake ni kutia hatiani tu. Ushahidi huokoa pia. Pale ambapo hakuna aliyesoma alama, hubaki dhana, na dhana haijui kutofautisha mwenye hatia na asiye na hatia. Wananchi wakiona kwamba mwenye kukabidhi huteswa, watatupa walichokikuta kilindini au, vibaya zaidi, watamwuzia yule asiyeuliza maswali.

Mafunzo ya kazi hii hayahitaji majumba ya fahari. Yanahitaji kitabu cha picha za alama katika kila kituo kikuu cha Unguja na Pemba, kamera, maofisa wachache waliofundishwa wasihamishwe kila msimu, na ofisi moja ya kukusanya yaliyoandikwa ili Wete na Mkoani wasiandike jambo moja kwa namna mbili. Tunaamini kwamba hayo yamo ndani ya uwezo wetu.

Wazee wetu wafanyabiashara walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Waliusema kwa ajili ya karafuu na nguo. Kwa silaha usemi huo ni mzito zaidi, kwani karafuu ikipotea hasara ni ya mwenye mali, bali bunduki ikipotea hurejea yenyewe, tena usiku, mlangoni mwa mtu ambaye hakuwa na habari nayo.