Damu ya mbwa jike si ya kupuuzwa, andika tarehe

MFANYABIASHARA wa Kariakoo anajua siku mzigo wake ulipotoka bandarini, siku kodi ya fremu inapokwisha na siku mteja wa mkopo alipoahidi kulipa. Mvuvi anayeshusha samaki pale Feri, Kivukoni, anajua lini bahari itakuwa na bamvua na lini maji yatakuwa mafu. Lakini muulize yeyote kati yao ni lini mbwa wake jike alipata joto mara ya mwisho. Wengi hawana jibu.

Hilo si jambo dogo. Mbwa anayelala nyuma ya stoo, au anayelinda banda la kuku la mwenye duka huko Chanika au Kibaha, ni sehemu ya biashara kama lilivyo kufuli. Kufuli halishiki mimba. Mbwa jike hushika, na mara nyingi mwenye mali hujua siku anapokuta watoto sita wakilia chini ya mbao.

Nionavyo mimi, tatizo si kwamba watu hawawajali mbwa wao. Tatizo ni kwamba wanasoma dalili za mbwa kwa macho ya ng'ombe.

Mfugaji wa ng'ombe amezoea joto linalorudi kila baada ya siku 21 na kudumu chini ya siku moja. Anajua pia kwamba baadhi ya ng'ombe, hasa mitamba, hutoa damu kidogo siku moja hadi tatu baada ya joto. Kwa hiyo akiona damu husema joto limepita, asubiri zamu nyingine.

Kwa mbwa mambo ni kinyume. Damu huja kwanza, joto lenyewe hufuata. Anayesema "damu imekauka, mfungulie sasa" anafungua geti siku ile ile ambayo alipaswa kulifunga kwa komeo mbili.

Tuanze na umri. Mbwa jike wengi hupata joto la kwanza kati ya miezi 6 na 12. Wenye maumbo madogo huwahi, na wenye maumbo makubwa wanaweza kuchelewa hadi mwaka mmoja na nusu au zaidi. Maana yake ni kwamba mbwa ambaye bado unamwona mtoto, anayetafuna kandambili za mlinzi, anaweza kushika mimba. Baada ya hapo joto hurudi kila baada ya miezi sita au saba hivi, ingawa mbwa hutofautiana. Mbwa hakomi kuzaa kwa uzee kama binadamu. Anaweza kushika mimba hata akiwa mkongwe.

Dalili za mwanzo ni uke kuvimba na kutoa matone ya damu. Mbwa hujilamba mara kwa mara, hukojoa kidogo kidogo kila anapopita, na huenda akawa mkali au akapoteza utulivu. Madume ya mtaani huanza kukusanyika getini, lakini akisogelewa huketi chini au huwabwekea. Kipindi hiki huchukua wastani wa siku tisa.

Kisha damu hupungua na kuwa majimaji mepesi yenye rangi ya majani makavu. Uke hulainika. Ukimgusa mgongoni karibu na mkia, husimama imara na kuupeleka mkia pembeni. Sasa anamkubali dume. Kipindi hiki nacho huchukua wastani wa siku tisa, lakini wapo wanaoanza mapema na wapo wanaochelewa. Ndiyo maana haifai kukisia. Afungiwe tangu siku ya damu ya kwanza hadi wiki nne kamili zipite.

Kwa mbwa mchanga kuna mtego mmoja zaidi. Damu yake inaweza kuwa kidogo sana, naye hujilamba akawa safi hata asishukiwe. Dawa yake ni rahisi: mtandikie kitambaa cheupe anapolala, au mfute taratibu kwa kitambaa cheupe mara mbili kwa wiki tangu afikishe miezi sita. Na ukiona madume matatu yamelala nje ya geti bila sababu, usiyafukuze tu. Yameshanusa ambacho wewe hujakiona.

Mazingira ya katikati ya jiji yanaongeza hatari. Penye soko hapakosi mabaki ya chakula, na penye mabaki hapakosi mbwa koko. Usiku maduka yakifungwa, mitaa inakuwa yao. Hata ndani ya ua usijidanganye: kaka humpanda dada yake na mtoto humpanda mama yake. Madume zaidi ya mmoja wakimpanda, watoto wa mzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti.

Kuna jambo jingine tunaloona aibu kulisema. Wengi wetu, kwa dini au kwa mazoea, hatumgusi mbwa. Tunanunua chakula chake, lakini anayemfungua jioni na kumfunga alfajiri ni mlinzi. Yeye ndiye anayeona damu sakafuni. Kama hajaelezwa kwamba habari hiyo ina maana kwa bosi, atamwaga maji, atapiga deki, na habari itakwenda na maji.

Kwa hiyo pendekezo langu halihitaji mtaji. Chukua ukurasa mmoja wa daftari la mauzo na uufanye wa mbwa. Mwambie mlinzi: ukiona damu, niambie siku hiyo hiyo.

Tuchukulie damu ya kwanza imeonekana Juni 1. Mbwa akae ndani, nyuma ya mlango na si kwenye kamba tu, hadi Juni 28. Kamba humzuia jike kutoka; haimzuii dume kuingia. Joto lijalo litarajiwe karibu na Desemba. Mistari hiyo mitatu tu inatosha kumwokoa mtu na hasara ya miezi minne.

Na kama dume amewahi? Ukikuta wamenasana, usiwamwagie maji wala kuwavuta. Wanaweza kukaa hivyo nusu saa au zaidi, na kuwatenganisha kwa nguvu huwaumiza wote wawili. Mara moja inatosha kutunga mimba, kwa kuwa mbegu za dume huweza kuishi ndani ya jike kwa siku kadhaa. Andika tarehe, kisha zungumza na daktari wa mifugo mapema, wakati bado kuna njia za kuchagua. Usimpe vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu wala mchanganyiko wa mitishamba. Sindano za homoni nazo si za kuchomwa na yeyote mwenye bomba. Zinaweza kuleta ugonjwa wa mfuko wa uzazi.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, mara nyingi kati ya 58 na 68 tangu kupandwa. Aliyepandwa Juni 12 atazaa karibu na Agosti 14. Kwa wiki tatu za kwanza huwezi kujua kwa macho. Kati ya siku ya 25 na ya 30, yaani Julai 7 hadi 12 kwa mfano wetu, daktari anaweza kumpapasa tumbo, au kumpima kwa altrasaundi ilipo. Chuchu hupata wekundu na kukua. Tumbo huonekana kuanzia wiki ya tano au ya sita, lakini mwenye mtoto mmoja au wawili anaweza asionyeshe kabisa. Siku za mwisho maziwa hutoka, naye hutafuta kona na kuchimba malalo.

Hata hivyo, chuchu na maziwa pekee si ushahidi. Baada ya joto, mbwa jike hubaki na homoni ya mimba kwa takriban miezi miwili, awe na mimba au asiwe nayo. Wapo wanaovimba chuchu, wanaotoa maziwa na kubeba kiatu mdomoni kama mtoto, kumbe tumboni hamna kitu. Hiyo ni mimba ya uongo, na mara nyingi huisha yenyewe ndani ya wiki chache. Usimkamue, maana ukimkamua maziwa huzidi.

Linalotisha ni hili lifuatalo. Wiki nne hadi nane baada ya joto, mfuko wa uzazi unaweza kujaa usaha. Mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukataa chakula, huzubaa, na pengine hutoa uchafu wenye harufu. Wakati mwingine usaha hautoki nje, tumbo likawa linavimba tu, na mwenye mbwa akafurahi kwamba mimba inakua. Ugonjwa huu huua ndani ya siku chache usipotibiwa. Mwenye tarehe daftarini atashtuka mapema. Asiye nayo atasubiri watoto.

Sasa tuangalie hasara. Wiki tisa za mimba na wiki nane za kunyonyesha ni wiki 17, karibu miezi minne. Katika wiki za mwisho za mimba mbwa ni mzito, na akishazaa anawalinda watoto wake, si stoo yako. Chakula huongezeka. Baadaye watoto hutafutiwa pa kwenda, na kila mwenyeji wa masoko yetu amewahi kuona boksi lililoachwa kando ya jalala likilia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, lakini boksi halina jina la mwenyewe.

Watoto hao wakipona, hukua mitaani bila chanjo. Hapo hasara ya mtu mmoja inakuwa ya mtaa mzima. Wataalamu wanasema kichaa cha mbwa hudhibitiwa kwa kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Chukua mtaa wenye mbwa 10, saba wamechanjwa: lengo limefikiwa. Jike mmoja akizaa watoto sita, sasa ni saba kati ya 16, asilimia 44. Hakuna mbwa aliyenyimwa chanjo, lakini kinga ya mtaa imeshuka chini ya nusu. Na ugonjwa huu, dalili zake zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Wanaoumwa zaidi ni watoto.

Kwa sababu hiyo naona maofisa mifugo wa kata, wanapotangaza siku ya chanjo, wasiishie kwenye sindano. Wawaeleze wenye mbwa na walinzi dalili za joto kwa dakika tano tu.

Kwa asiyetaka watoto kabisa, njia ya uhakika ni upasuaji wa kuondoa kizazi, unaofanywa na daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Upasuaji huo humwondolea pia hatari ya usaha tumboni, na ukifanyika mapema hupunguza uvimbe wa matiti uzeeni. Wapo wanaodai mbwa aliyefanyiwa hivyo huwa mvivu. Si kweli kwamba ulinzi hutoka kwenye kizazi. Hutoka kwenye mafunzo na mazoea. Anachoweza kufanya ni kunenepa, basi mpunguzie chakula.

Gharama ya upasuaji ni ya mara moja. Gharama ya kutojua hurudi kila baada ya miezi sita. Kwa leo, kabla hujafunga duka, muulize mlinzi wako swali moja: je, umeona damu? Kisha andika jibu lake na tarehe.