Chungu Kimoja, Vijiko Viwili: Mafuta ya Mtoto na Mafuta ya Mzee



Hakuna ushauri wa afya unaosikika mara nyingi siku hizi kama huu: "Punguza mafuta." Hutolewa hospitalini kwa mwenye shinikizo la damu, hurudiwa redioni, kisha aliyeusikia huufikisha nyumbani kama amri kwa watu wote. Kwa aliyeambiwa, ni ushauri mwema. Tatizo huanza pale unapotoka kwa mgonjwa mmoja ukawa sheria ya jiko zima. Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, kuanzia mjini hadi Kimwani huko kusini, babu mwenye presha na mjukuu wa mwaka mmoja na nusu hula kutoka chungu kimoja. Kinachomhifadhi mmoja chaweza kumpunja mwenzake.

Tuanze na mtoto. Mwenyezi Mungu ameutaja muda wa miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuukamilisha, na maziwa aliyoyajaalia katika kifua cha mama yana mafuta kiasi kwamba karibu nusu ya nguvu anayoipata mtoto humo hutokana na mafuta hayo. Hekima yake iko wazi kwa anayetafakari. Katika miaka hiyo miwili ubongo unajengwa kwa kasi, mwili unarefuka, na tumbo ni dogo kama ngumi. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4 tu. Mafuta ndiyo njia ya kutia nguvu nyingi katika tumbo lisilo na nafasi. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa FAO na wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wanashauri kwamba kuanzia miezi 6 sehemu ya nishati inayotokana na mafuta ipungue polepole, hata mtoto akifika miaka 2 iwe takriban asilimia 35. Hicho bado ni kiwango kikubwa kuliko cha mtu mzima.

Sasa tutazame kinachowekwa katika bakuli lake. Ndizi za kupika, ambazo ndizo uti wa mgongo wa chakula cha Kagera, hazina hata gramu 1 ya mafuta katika gramu 100. Muhogo na viazi vitamu ni hivyo hivyo, na uji mwepesi wa mahindi hauna tofauti kubwa. Mtoto akipondewa ndizi zilizochemshwa kwa maji na chumvi, tumbo hujaa kabla mwili haujatosheka. Mama humwona ameshiba, naye kweli ameshiba, lakini hakupata nguvu ya kukulia. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi ya kuhara, uhaba wa vyakula vya protini na hali ya mama tangu ujauzito. Hata hivyo, chakula kilicho kingi kwa ujazo na hafifu kwa nguvu ni miongoni mwazo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Mkoa wetu, pamoja na migomba yake, maharage yake na ziwa lake, haujasalimika.

Kuna jambo jingine. Vitamini A, D, E na K husafiri mwilini kwa msaada wa mafuta. Mchicha, majani ya maboga na karoti vikichemshwa bila tone la mafuta, sehemu kubwa ya kile kinachogeuka kuwa vitamini A hupita mwilini bila kufyonzwa. Mwenye kuondoa mafuta yote katika mboga ya mtoto amempunguzia pia manufaa ya mboga yenyewe.

Tumgeukie sasa mtu mzima. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unasema mafuta yote kwa ujumla yasizidi asilimia 30 ya nishati ya siku. Kwa anayehitaji kalori 2,000, hiyo ni kama gramu 67. Katika hizo, mafuta yanayoganda, kama ya nyama, samli na siagi, yasizidi asilimia 10, yaani gramu 22 hivi. Lakini kuna mpaka wa chini pia, ambao hausemwi sana: mtu mzima asishuke chini ya asilimia 15, na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa asishuke chini ya asilimia 20, yaani kama gramu 44. Mama wa shambani anayekula ndizi na maharage makavu asubuhi na jioni huenda asifikie hapo. Huyo hahitaji kuambiwa apunguze.

Utajuaje nyumba yako iko upande gani? Chukua chupa ya mafuta ya lita moja na uiandike tarehe siku unapoifungua. Lita moja ina takriban gramu 920 za mafuta. Familia ya watu 6 inayoimaliza kwa siku 10 hupata kama gramu 15 kwa kila mtu kwa siku. Kama hawali karanga, samaki wanono wala maziwa ya kutosha, hao wana upungufu. Familia ya watu wazima 4 mjini inayoimaliza kwa siku 4 hupata kama gramu 57 kila mmoja, kabla ya kuhesabu nyama, chai ya maziwa, chapati ya mgahawani na sambusa ya jioni. Hao wamekwisha kuvuka. Hesabu hii haihitaji mizani wala daktari.

Baada ya kiasi, aina. Kanuni nyepesi ni kutazama mafuta yakiwa yametulia jikoni. Yanayobaki majimaji, kama ya alizeti na ya karanga, kwa kawaida ni rafiki wa moyo kuliko yanayoganda. Mafuta ya ng'ombe, samli na mafuta ya nazi yana kwa wingi ile aina inayopandisha lehemu mbaya katika damu. Mawese yako katikati, kwa kuwa karibu nusu yake ni ya aina hiyo. Lakini mawese mekundu yasiyosafishwa, kama yanayotoka Kigoma, yana hazina kubwa ya asili ya vitamini A. Hivyo kijiko chake ni dawa kwa mtoto, ingawa mzee mwenye maradhi ya moyo hana haja ya kuyafanya mafuta yake ya kila siku. Yaliyo mabaya kuliko yote ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni bila kukamilika. Hayo hayamfai mzee wala mtoto, na WHO inataka yaondolewe kabisa katika chakula cha watu.

Tusidanganywe pia na maandishi ya chupa. Neno "hayana lehemu" ni kweli kwa mafuta ya mimea yote, kwani lehemu hutokana na wanyama. Neno hilo halipunguzi hata kalori moja. Kijiko cha chakula cha mafuta yoyote kina kalori 120 hivi, bei yake iwe ndogo au kubwa.

Mwenyezi Mungu ametuneemesha kwa mafuta mema yaliyo karibu nasi kuliko duka. Parachichi, ambalo misimu mingine huoza chini ya mti, lina kama gramu 15 za mafuta katika gramu 100, mengi yakiwa ya aina njema. Karanga ni nusu mafuta. Zisagwe kwa ajili ya mtoto mdogo asije akapaliwa, na zenye ukungu zitupwe kwa kuhofia sumukuvu. Dagaa na samaki wa ziwani wana omega-3 inayojenga ubongo wa mtoto na kulinda moyo wa mzee. Sangara, aliyeingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, ni mnono kiasi kwamba wakazi wa mwambao hawakuweza kumkausha kwa jua kama walivyozoea kwa samaki wengine. Ilibidi watumie moshi. Leo minofu yake husafiri hadi Ulaya, lakini kichwa na mifupa yenye nyama vinavyobaki kwetu bado ni chakula, alimradi ni vibichi na havijaanza kunuka.

Na senene je? Msimu wake mkubwa huangukia Novemba na Desemba, na uhalali wake hauna utata kwa anayejua kwamba Masahaba walikula nzige wakiwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.). Senene mkavu hukaribia nusu ya uzito wake kuwa mafuta. Ndiyo maana mpishi hodari huwakaanga katika mafuta yao wenyewe. Anayewamiminia mafuta mengine juu yake ameongeza mzigo bila kuongeza ladha. Kwa mzee mwenye presha, chumvi ya senene ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Pana desturi mbili zinazohitaji kutazamwa upya. Ya kwanza ni kukaangia mafuta yale yale hadi yawe meusi, mazito na yenye kutoa moshi. Mafuta hayo yameharibika, na hayarudi kuwa mema kwa kuongezewa mapya. Ya pili ni futari ya Ramadhani, ambapo tumbo lililofunga mchana kutwa hupokelewa kwa kalimati, sambusa, bajia na chapati kwa mpigo. Mafundisho ya dini yetu yanakataza israfu katika kula na kunywa, na israfu haiwi halali kwa kuwa jua limezama. Kitu kimoja cha kukaanga kwa siku kinatosha, kando ya tende, uji na ndizi za kuchemsha.

Basi jiko lenye babu na mjukuu lifanyeje? Halihitaji vyungu viwili. Mpishi apike mboga ya wote kwa mafuta kidogo ya majimaji, akipima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka chupani. Nyama iondolewe mafuta yanayoonekana kabla ya kupikwa. Chakula kikiiva, sehemu ya mtoto itengwe, ipondwe, na iongezwe kijiko cha chai cha mafuta, ambacho ni gramu 4 hadi 5 na kalori 40 hivi. Au parachichi lililopondwa. Au kijiko cha karanga zilizosagwa. Au unga wa dagaa. Sehemu ya babu ibaki kama ilivyo. Kijiko kile cha mtoto kwa mwezi mzima hakifikii robo lita.

Mwenye maradhi ya moyo, kisukari au presha asibadili dawa wala masharti ya daktari wake kwa kusoma safu hii. Naye mama ambaye mtoto wake haongezeki uzito katika kadi ya kliniki asitosheke na kijiko cha mafuta, bali ampeleke akachunguzwe. Lakini anayerudi kutoka hospitali na agizo la kupunguza mafuta, kabla ya kulitangaza nyumbani, na aulize kwanza: ni nani mwingine anayekula kutoka chungu hiki, naye ana umri gani?

Panapo majaaliwa, tukutane juma lijalo.