Gogo Lenye Macho

Mwezi huu nawaletea habari ya siku moja mtoni. Kwani siku hiyo mimi niliyekwenda kuwa mwalimu nalirudi nimefundishwa.

Tulikuwa watu 12, wengi wao vijana wa chuoni kwetu. Tulipanda mashua ya injini pale Mloka, kijiji kilicho kando ya Mto Rufiji, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambayo mwaka 2019 ilikatwa katika lile Pori la Akiba la Selous.

Hapo mwanzo hatukuona kitu. Huyu alisimama, yule alimwita mwenziwe, na kelele zilishinda injini. Nahodha akaizima, akasema kwa upole: "Wanyama wapo, ila nyinyi ndio hamjafika."

Tukanyamaza. Haukupita muda tukawaona keremkerem wakiingia na kutoka katika matundu waliyoyachimba ukingoni, na kwazi juu ya mvumo akingoja samaki. Viboko nao wakatoa pua na masikio. Nahodha akatueleza kwamba ngozi ya kiboko haistahimili jua, ndiyo maana mchana hushinda majini na usiku hutoka kula nyasi. Aweza kukaa chini ya maji kiasi cha dakika 5. Basi akizama mbele yako usidhani amekwenda zake.

Adhuhuri ikakaribia. Mtoto mdogo kuliko wote, aliyeketi ubavuni mwangu, akaninong'oneza: "Maalim, gogo lile lina macho."

Nikamwambia aache upuuzi. Kisha nikakunja mkono wa kanzu, nikainama nichote maji ya kutawadha.

"Maalim, rudisha mkono!" Nahodha alikwisha kunishika bega. Lile gogo likazama pasipo kutoa hata mlio. Alikuwa mamba. Macho yake na pua zake ziko juu ya kichwa, hata aweza kukutazama na kuvuta pumzi hali mwili wote umefichika majini.

Vijana wote walinitazama. Nalitamani kucheka ili jambo lipite, walakini naliona kwamba nikifanya hivyo, mtoto yule siku nyingine akiona khatari atanyamaza. Nikamwambia mbele ya wenziwe: "Wewe uliona, mimi sikuona. Nisamehe." Akainamisha uso kwa haya. Nahodha akanimiminia maji ya dumu, nikatawadha.

Basi enyi wazee na walimu, mkiwachukua vijana mtoni, waketini, wanyamaze, na mikono yao ibaki ndani ya mashua. Hayo tumezoea kuwaamrisha. Lililo zito kwetu ni hili: mtoto akikwambia ameona kitu, tazama kwanza, ndipo umjibu. Ukubwa wa umri hauongezi nuru ya macho.

Wassalaam.